Tiketi mbili za PCN, sheria mbili tofauti

SWALI

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Naishi Uingereza, katika jiji moja nje ya London, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, kwa hiyo bila gari siendi kokote.

Tarehe 3 Machi niliegesha barabarani, kwenye nafasi za kulipia za halmashauri. Nililipa pauni 3.20 za saa mbili kwa programu ya simu na risiti ninayo, inaonyesha 10:04 hadi 12:04. Niliporudi nikakuta tiketi imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Imeandikwa 10:51, kosa namba 11, kuegesha bila kulipia, pauni 50, au 25 nikilipa mapema. Usiku nilipofungua programu ndipo nikaona nimelipia ile Yaris niliyoiuza mwezi wa kwanza. Namba yake ilikuwa bado imehifadhiwa humo, nami nikabonyeza bila kuangalia.

Sijakaa sawa, jana jirani wa mtaa niliohama mwaka jana akaniletea barua iliyofika kule. Nayo imeandikwa PCN. Inatoka kwa kampuni inayosimamia maegesho ya supamaketi moja, ina picha za kamera za tarehe 15 Februari, na inasema nilizidisha dakika 25 juu ya saa mbili za bure. Wanataka pauni 100, au 60 ndani ya siku 14. Barua ina tarehe 5 Machi.

Mume wangu anasema lipa zote yaishe. Dada ninayefanya naye kazi anasema zichane, hawana la kunifanya. Kiingereza changu cha kuandika si kizuri na leo ni tarehe 9. Nifanyeje?

Mama Nasra

JIBU

Mama Nasra, pole kwa usumbufu. Mumeo anakuharakisha na dada wa kazini anakupoteza, kwa hiyo kwa leo usilipe chochote na usichane chochote. Ukilipa tiketi ya halmashauri, kesi imefungwa papo hapo na huwezi tena kuipinga. Ukiichana, itageuka deni la mahakama wakati wewe huna habari.

Kwanza zitenganishe. Herufi PCN zimo kwenye zote mbili lakini maana si moja: kwa halmashauri ni Penalty Charge Notice, kwa kampuni binafsi ni Parking Charge Notice. Ile ya tarehe 3 Machi ni adhabu ya kisheria inayotolewa na halmashauri kwa mamlaka ya sheria ya usimamizi wa barabara ya mwaka 2004, na mwisho wake, ukiipuuza, ni madalali wa mahakama mlangoni. Ile ya supamaketi ni madai ya kampuni binafsi inayosema umevunja masharti ya kibao chake. Kampuni haina mamlaka ya kukutoza faini wala kukutumia dalali mpaka iende mahakamani na kushinda. Njia za kuzipinga, muda na hata unachopaswa kusema havifanani. Watu wengi huharibu hapo, kwa kuandika barua ya aina moja kwenda kote kuwili.

Tuanze na ya halmashauri, maana ndiyo yenye saa inayokimbia.

Punguzo la nusu ni la siku 14, na siku tiketi ilipobandikwa inahesabiwa kuwa ya kwanza. Kwako siku ya mwisho ni tarehe 16 Machi, si 17. Pingamizi lako la awali lifike kabla ya hapo. Muongozo wa serikali unazitaka halmashauri zikikataa pingamizi lililoletwa ndani ya siku hizo 14 zimpe mtu tena nafasi ya kulipa nusu, na nyingi huandika hivyo nyuma ya tiketi. Isome ya kwako uhakikishe. Kama imeandikwa, kupinga sasa hakukugharimu hata senti, kwa kuwa wakikataa utarudi kwenye zile zile pauni 25.

Usiandike kabla hujaona wanacho nini. Ingia kwenye tovuti ya halmashauri, weka namba ya tiketi na namba ya gari, uzitazame picha alizopiga mkaguzi. Angalia mambo mawili. La kwanza, namba ya eneo iliyo kwenye kibao cha ile barabara: ndiyo iliyo kwenye risiti yako? Ukikosea tarakimu moja ya namba hiyo, programu itapokea fedha kwa ajili ya mtaa mwingine kabisa, na hapo utakuwa na makosa mawili ya kueleza badala ya moja. La pili, tiketi yenyewe: ina namba sahihi ya gari, tarehe, saa, barabara, kosa na kiasi? Hayo yakikosekana una hoja nzito ya utaratibu kukiukwa. Lakini usihangaike na yale yanayozungumzwa mitaani, kwamba rangi ya gari imeandikwa vibaya au jina la barabara limepungua herufi. Kosa dogo lisilomchanganya mtu haliiangushi tiketi.

Sasa hoja yako. Tukueleze ukweli kabla hujaandika: kwa herufi za sheria, halmashauri ina pa kusimamia. Masharti ya maegesho hutaka malipo yawe ya gari lililo mahali pale, na jukumu la kuandika namba sahihi ni la dereva. Kwa hiyo usiandike kwamba kosa halikutokea kabisa halafu ukaishia hapo. Andika kwamba ulilipa kiasi kamili, kwa eneo lile na saa zile, na kwamba fedha zilizoingia haziwezi kuwa za gari jingine kwa sababu Yaris haikuwa mikononi mwako tena. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Anayesoma pingamizi hizi anaogopa jambo moja: kwamba familia ina magari mawili, moja lililipiwa na lilikuwa limeegeshwa kweli, na sasa risiti yake inatumika kuliokoa la pili. Ukimwondolea shaka hiyo kwa karatasi, umemrahisishia kukusamehe.

Karatasi zenyewe ni hizi. Risiti ya programu inayoonyesha namba ya Yaris, eneo, muda na kiasi. Ukurasa wa taarifa ya benki unaoonyesha zile pauni 3.20 (funika mengine yote). Barua ya DVLA, mamlaka ya usajili wa magari na leseni, ya kuthibitisha kwamba Yaris si yako tena, ile waliyokutumia ulipowaarifu kuwa umeiuza. Kama barua hiyo nayo ilikwenda kwenye anwani ya zamani, mwulize jirani. Ukiikosa, tumia hati ya mauzo au ujumbe wa benki wa malipo uliyopokea. Kisha picha ya skrini ya programu ikionyesha magari yote mawili yaliyohifadhiwa, na picha ya kibao cha eneo.

Barua utaiandika kwa Kiingereza, na kisiwe cha kupamba. Sentensi fupi tano au sita zinatosha, na hakuna anayekupima lugha. Mpangilio wake uwe hivi:

"Ninapinga tiketi namba fulani, gari namba fulani. Tarehe 3 Machi nililipa pauni 3.20 kwa eneo namba fulani, kuanzia 10:04 hadi 12:04. Tiketi imetolewa 10:51, ndani ya muda niliolipia. Kwa bahati mbaya kwenye programu nilichagua namba ya gari langu la zamani. Gari hilo nililiuza mwezi Januari, kama barua ya DVLA inavyoonyesha, kwa hiyo malipo haya hayakutumiwa na gari jingine lolote. Halmashauri ilipokea ada yake yote. Naomba mtumie busara yenu na kuifuta tiketi hii."

Andika saa kama zilivyo kwenye risiti. Aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili huteleza kirahisi hapa: akili inasema saa nne na dakika nne, mkono unaandika 4:04, na msomaji anaona alfajiri.

Kwamba ulikuwa kwa mzee unayemhudumia, litaje kwa sentensi moja tu au uliache. Likiwa la dharura ya kweli, mathalani mgonjwa alianguka ukabaki naye mpaka gari la wagonjwa lifike, lina uzito na linahitaji ushahidi. Ziara ya kawaida ya kazi haina uzito huo. Ila ukiwa umetulia, muulize mwajiri wako kama halmashauri yenu hutoa vibali vya maegesho kwa wahudumu wa majumbani. Baadhi zinatoa, na wafanyakazi wengi hawaambiwi.

Tuma kupitia tovuti yao, kisha piga picha ya skrini ya ukurasa wa mwisho wenye namba ya kumbukumbu. Usipige simu ukadhani umepinga, maana simu haihesabiki. Ukipendelea posta, omba karatasi ya kuthibitisha umetuma. Hutolewa bure kaunta.

Wakikubali, yameisha. Wakikataa, soma sababu zao kwa makini. Kama wamejibu juu ya lile la gari kuuzwa na bado wamesema masharti ni masharti, sisi tungelipa pauni 25 tukaendelea na maisha. Kama wamekutumia barua ya kunakili tu, isiyogusa ushahidi wako hata kidogo, inafaa kuendelea, huku ukijua kwamba unaiacha nusu na kucheza na pauni 50.

Kuendelea kunakwenda hivi. Usipolipa ndani ya siku 28, halmashauri itamtumia aliyeandikishwa kwenye kadi ya gari barua rasmi inayoitwa Notice to Owner. Hapo wengi hujikwaa: wanasema "mimi nilishapinga" na hawaandiki tena. Lile la mwanzo lilikuwa pingamizi la awali tu. Barua hii inataka pingamizi rasmi, ndani ya siku 28, na ukikaa kimya umepoteza haki ya rufaa. Tuma upya kila kitu, viambatanisho vyote, kana kwamba hawajawahi kukusikia, na uongeze malalamiko kwamba awali hawakuutazama ushahidi. Wao wana siku 56 za kukujibu. Wakizipitisha bila jibu, sheria inahesabu kwamba wamekubali.

Wakikataa mara ya pili, barua yao ya kukataa itakuwa na maelezo ya kukata rufaa Traffic Penalty Tribunal, baraza huru linalosikiliza kesi za England nje ya London pamoja na Wales. Aliyepata tiketi London huenda London Tribunals. Una siku 28, hakuna ada, na kesi yote inaweza kwenda kwa mtandao au kwa simu bila kutoka nyumbani. Mwamuzi hana ruhusa ya kufuta tiketi kwa huruma peke yake, lakini akiona kuna sababu nzito anaweza kuirudisha halmashauri akipendekeza ifutwe, nayo ina siku 35 za kuamua. Kesi ya kulipia namba isiyo yako inafaa njia hiyo hasa.

Jambo linalotutia hofu zaidi kuhusu barua yako ni hili: ya supamaketi ilikwenda nyumba uliyohama. Maana yake kadi ya gari, ile V5C, bado ina anwani ya zamani. Na hiyo Notice to Owner itafuata anwani hiyo hiyo, kwa sababu halmashauri huiuliza DVLA na si jirani. Usipoipata, baada ya siku 28 hutolewa hati ya kuongeza deni kwa nusu, pauni 50 zikawa 75. Siku 14 nyingine zikipita, deni linaandikishwa kituo cha mahakama kilichoko Northampton pamoja na ada yake, kisha inatoka amri ya malipo, kisha dalali. Viwango vya madalali vilivyowekwa mwaka 2014 vilianzia pauni 75 kwa barua ya kwanza tu, na pauni 235 juu yake wanapofika mlangoni. Tiketi ya pauni 25 inafika mamia ya pauni hivyo hivyo, bila mtu kufanya ubaya wowote zaidi ya kuhama.

Kwa hiyo leo hii, kabla hata ya pingamizi, badilisha anwani ya V5C kwenye tovuti ya serikali. Ni bure. Kutokubadilisha kunaweza kukuletea faini ya hadi pauni 1,000, na leseni ya udereva nayo ina sharti kama hilo, kwa hiyo ibadilishe pamoja. Fomu za leseni na za kadi ya gari ni mbili tofauti. Kubadilisha moja hakubadilishi nyingine, na anayesahau karibu kila mara husahau ya gari.

Ikitokea umechelewa na amri ya Northampton imekwisha kutoka, bado kuna mlango. Kuna fomu TE9, ambayo kwayo unatamka rasmi kwamba hukupata Notice to Owner, au ulipinga usijibiwe, au ulikata rufaa usijibiwe, au ulikwisha kulipa. Muda wake ni siku 21 tangu upokee amri. Ukipitisha muda, unaambatanisha TE7 ya kueleza kwa nini umechelewa. Haipimi kama tiketi ilikuwa ya haki. Inarudisha tu kesi nyuma ili upate nafasi uliyoikosa. Na ni tamko la ukweli: kusema hukupata barua uliyoipata ni kosa mbele ya mahakama.

Sasa ya supamaketi. Njia ya karibu kwanza. Kama kuna risiti ya manunuzi ya siku ile, au malipo yanaonekana benki, nenda nayo dukani, umwone meneja, umwombe aiambie kampuni ya maegesho iifute. Duka ndilo lililoiajiri kampuni hiyo, na mteja aliyejaza toroli ni mteja wao. Hufanikiwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila nenda mapema.

Wakati huo huo hesabu tarehe. Nchini England na Wales, kampuni inayotumia kamera bila kubandika chochote kwenye kioo, ikitaka kumdai aliyeandikishwa kwenye kadi badala ya dereva, lazima taarifa yake imfikie ndani ya siku 14 kuanzia kesho yake ya kuegesha. Iko kwenye jedwali la 4 la Protection of Freedoms Act ya mwaka 2012, na sheria inachukulia barua imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa. Gari lilikuwepo tarehe 15 Februari, kwa hiyo mwisho ulikuwa tarehe 1 Machi. Barua ya tarehe 5 imechelewa.

Lakini kabla hujafurahi, isome tena. Je, inasema ni taarifa ya kwanza, au ni ukumbusho? Kama kuna iliyotangulia na ilifika nyumba ya zamani kwa wakati, kisheria imefika, kwa kuwa hiyo ndiyo anwani uliyowaachia DVLA. Mwulize jirani kwa upole kama kuna bahasha nyingine.

Ikiwa hii ndiyo ya kwanza, wakatie rufaa kampuni ndani ya siku 28, na hapa uandishi wako ubadilike kabisa. Kwa halmashauri unasema "nililipa, niliegesha". Kwa kampuni unaandika kama mtu aliyeandikishwa kwenye kadi, basi: "Gari liliegeshwa", "taarifa yenu haikufika ndani ya siku 14, kwa hiyo hamwezi kunidai mimi kama mwenye kadi". Hulazimiki kuwatajia dereva alikuwa nani, na kutotaja si uongo. Ila usiandike kwamba si wewe uliyeendesha, maana huo utakuwa uongo. Neno moja tu la "nilikuwa foleni ya kaunta" linatosha kuiua hoja yote, kwa kuwa umejitaja kuwa dereva.

Wakikataa watakupa namba ya kwenda POPLA au IAS, vyombo vya rufaa za maegesho ya kampuni binafsi, kutegemea chama ambacho kampuni ni mwanachama wake. POPLA inatoa siku 28, muda wa IAS utausoma kwenye barua yao ya kukataa, zote bila malipo kwako. Uamuzi ukienda kinyume nawe, haukufungi kulipa, lakini kampuni inaweza kukushtaki. Barua za wakusanya madeni zitakazofuata, zenye maandishi mekundu na kiasi kilichoongezwa, hazina nguvu ya kuingia kwako wala kubeba kitu. Barua moja tu usiiache mezani hata siku moja: fomu ya madai kutoka mahakama ya kaunti. Hiyo una siku 14 za kuijibu, na ukitoa taarifa kwamba umeipokea unaongezewa 14. Ukinyamaza, hukumu inatoka dhidi yako na jina linachafuka kwa wakopeshaji kwa miaka sita, isipokuwa ulipe yote ndani ya mwezi mmoja.

Mpangilio wa siku zako basi: leo anwani ya kadi, kesho kibao cha barabarani na meneja wa duka, na pingamizi la halmashauri liwe limetumwa kufikia tarehe 13, ili kama tovuti yao ina hitilafu ubaki na siku tatu. Na kabla ya zamu ya kesho asubuhi, fungua programu ya maegesho, piga ile picha ya skrini, kisha uifute Yaris. Ukiliacha gari jipya peke yake humo, hakuna cha kubonyeza kimakosa.

Safu ya Ushauri